Sailensa Mpya ya Pikipiki: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kutoa Pesa



Wasomaji wetu wapenzi, huenda baadhi yenu wakashangaa kuuona ukurasa wa familia ukizungumzia vyuma vya pikipiki. Lakini pikipiki imekwisha kuwa kama mmoja wa watu wa nyumbani. Ndiyo inayompeleka mtoto chuoni na kumrudisha, ndiyo inayombeba mama na kikapu chake kutoka Kongowea, na katika nyumba nyingi za Kisauni, Likoni, Majengo na Malindi, ndiyo inayowasha jiko asubuhi na kulipa karo muhula unapofunguliwa. Mara nyingi imenunuliwa kwa fedha za chama cha akina mama, au kwa mkopo ambao mama au mke ndiye aliyeudhamini.

Basi kijana anapokuja akasema, "Mama, nataka kubadilisha sailensa," neno hilo si la gereji peke yake. Ni neno la matumizi ya nyumba, la masikio ya jirani na la mguu wa abiria. Wengi wetu hulijibu kwa njia mbili: ama tunatoa pesa ili tupate utulivu, ama tunakaripia bila kueleza sababu. Leo tunapendekeza njia ya tatu, nayo ni kuuliza. Na anayetaka kuuliza vyema hana budi kwanza akijue kile anachokiulizia.

Kazi ya sailensa

Ndani ya injini ya pikipiki, petroli iliyochanganyika na hewa hulipuka, na mlipuko huo ndio unaosukuma pistoni. Injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hulipuka mara 3,000 katika dakika hiyo, yaani mara 50 kwa kila sekunde. Kila baada ya mlipuko vali hufunguka, na moshi wenye joto kali hutoka kwa kishindo na kuingia katika bomba. Kama bomba hilo lingekuwa tupu, kila kishindo kingetufikia kama kilivyo.

Sailensa ndiyo inayokifuga kishindo hicho. Ndani yake mna vyumba vilivyotengwa kwa kuta za chuma, au mrija wenye matundu madogo uliozungushiwa pamba ya kioo. Moshi hupita kwa kuzunguka, mawimbi ya sauti hugongana na kupungua, na kinachotoka nje ni mngurumo unaovumilika. Kifaa hiki ni cha zamani karibu sawa na gari lenyewe: ndugu wawili wa Kimarekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya sailensa ya injini mwaka 1897. Tangu siku za mwanzo, basi, watengenezaji walielewa kwamba chombo cha moto hakiwezi kuishi na watu mpaka kwanza kifundishwe kunyamaza.

Ile inayoitwa ya kuvisha

Vijana huzungumza juu ya aina mbili za mabadiliko. Ya kwanza ni kubadilisha ekzosi nzima, kuanzia pale inapofungwa kwenye kichwa cha silinda hadi mwisho. Ya pili ni kuliacha bomba la mbele mahali pake na kubadilisha kipande cha nyuma tu, yaani sailensa yenyewe. Hii ya pili ndiyo wanayoipenda zaidi, kwa kuwa ni nafuu na kazi yake ni fupi: sailensa mpya huvishwa kwenye mdomo wa bomba la zamani, ikakazwa kwa kibano na kushikiliwa na bolti moja au mbili.

Hapa pana jambo ambalo muuzaji huwa halitaji. Katika pikipiki kubwa za michezo, bomba la mbele na sailensa ni vipande viwili vilivyoungwa kiwandani, na kuvitenganisha ni kazi ya spana tu. Katika nyingi ya pikipiki ndogo tunazoziona kwenye steji zetu, bomba na sailensa ni kitu kimoja kilichochomelewa. Ili kuivisha sailensa mpya, fundi hulazimika kulikata bomba la asili kwa grenda. Likishakatwa haliunganiki tena mpaka kwa kuchomelewa, na siku kijana atakapotaka kuiuza pikipiki, mnunuzi ataliona kovu hilo na kulitumia kushusha bei.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, bomba letu litakatwa? Kama jibu ni ndiyo, ni heri kutafuta ekzosi nzima ya modeli ile ile ya pikipiki, na ile ya zamani ikawekwa nyumbani ikiwa nzima.

Sababu ya kweli na sababu ya fahari

Tusiwaonee vijana wetu. Yako mahitaji ya kweli. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi haina urafiki na chuma. Isitoshe, petroli inapoungua hutoa pia mvuke wa maji. Pikipiki inayokwenda safari fupi fupi haipati joto la kutosha kuukausha mvuke huo, na maji hubaki ndani ya sailensa yakiila taratibu. Ndiyo maana sailensa inayong'aa kwa nje huweza kuwa imeoza kwa ndani. Ikitoboka, au zile kuta zake zikivunjika na kuanza kulia kama njugu ndani ya kopo, kuibadilisha ni matengenezo kama matengenezo mengine. Hapo kijana hakuomba anasa, na asaidiwe.

Lakini ikiwa ile ya zamani ni nzima, na hoja anayoitoa ni kwamba pikipiki "itapata nguvu", tumweleze kwa upole kwamba ameuziwa maneno. Injini ya kiasi cha sentimita za ujazo 100 au 150 ina nguvu ndogo tangu ilipoundwa, na waundaji wake waliipima pamoja na ekzosi yake. Kubadilisha kipande cha nyuma peke yake huongeza kidogo mno, pengine hata mwendeshaji asikihisi. Faida inayoonekana ni wepesi wa kifaa chenyewe, nao si mzigo ambao bodaboda iliyobeba abiria wawili na gunia itautambua.

Tena yawezekana pakawa na hasara. Moshi unapotoka kwa wepesi kuliko ilivyokusudiwa, mchanganyiko wa hewa na petroli katika kabureta huweza kupungukiwa petroli. Injini ikachemka zaidi, na mwendeshaji anapoachia mafuta zikasikika zile "pa! pa!" ambazo wengine huzichukulia kuwa ni ishara ya uwezo. Milio ile aghalabu ni petroli ambayo haikuungua ndani ya injini ikaungulia katika bomba, au ni hewa inayopenya kwenye kiungo kisichokazwa vizuri. Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma, na hapa usemi huo umesadifu.

Ikiwa itafungwa, ifungwe vyema

Tuseme shauri limepita na sailensa inabadilishwa. Kazi hii si ngumu, lakini ina utaratibu wake, na mwenye kulipa ana haki ya kuujua.

Kwanza, injini iwe imepoa kabisa. Nati zinazolifunga bomba kwenye kichwa cha silinda hukamatwa na kutu. Zipakwe mafuta ya kulegeza na kuachwa kwa muda kabla ya kutiwa spana, kwa sababu msumari wake ukikatikia ndani ya kichwa cha silinda, gharama ya kuutoa huweza kuishinda bei ya sailensa yenyewe. Haraka haraka haina baraka.

Pili, bomba likitolewa, gasketi ya pale mbele ibadilishwe. Ni pete ndogo ya bei ndogo, nayo ikirudishwa iliyokwisha kubanwa huvujisha moshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: moshi unaovuja pale huchoma na kula chuma, na kiungo huzidi kuharibika kila siku.

Tatu, kila kitu kifungwe kwanza kwa mkono tu, bila kukazwa, mpaka bomba na sailensa vikae mahali pake bila kulazimishwa. Kisha zikazwe nati za mbele, hii kidogo na ile kidogo kwa zamu, ndipo kibano, na mwisho bolti ya kuning'iniza. Anayeanza kukaza nyuma hulivuta bomba upande, na mtikiso wa barabara zetu utalipasua kabla ya mwezi kwisha.

Nne, fundi aonyeshe kwamba sailensa haigusi wala kukaribia tairi, indiketa, plastiki, waya au mrija wa breki, hata abiria akiwa amekaa na springi za nyuma zimedidimia.

Tano, kama pana kuchomelea, bomba liondolewe kwanza kwenye pikipiki. Cheche za moto na tangi la petroli havikai pamoja. Na bomba la maji lililopakwa zinki lisitumiwe kama kiraka, kwa maana moshi wake linapochomelewa humtia fundi homa.

Baada ya safari ya kwanza, injini ikishapoa, nati zote zikazwe tena. Na mwendeshaji akisikia mlio mpya wa "tsi, tsi" karibu na injini, ajue gasketi inavuja.

Jambo moja zaidi linaihusu nyumba yenyewe. Wengi hulaza pikipiki ukumbini au darini pa ngazi kwa kuogopa wezi. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo huua. Injini isiwashwe ndani ya nyumba hata kwa dakika chache za "kuisikiliza", iwe sailensa ni mpya au ya zamani. Isukumwe hadi nje, ndipo iwashwe.

Sauti ni ya nani?

Sailensa nyingi za kuvisha huja na kizibo kidogo mwishoni, kinachoshikwa na skrubu moja. Kizibo hicho ndicho kinachopunguza mlio, na ndicho kitu cha kwanza ambacho vijana hukitoa. Hapo ndipo mambo yanapotoka katika mfuko wa kijana na kuingia katika nyumba za watu.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kipimo hiki hakipandi kama kilo za mchele: kila kinapoongezeka kwa 10, nguvu ya sauti imezidi mara 10, na sikio huihisi kama imekuwa kubwa maradufu. Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zinapoongezeka 3, muda wa usalama hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na zikifika 100 ni dakika 15 tu. Sailensa iliyong'olewa kizibo huweza kuipita 100 kwa mtu aliye karibu nayo.

Sasa na tufikirie ni nani aliye karibu nayo kuliko wote. Ni kijana mwenyewe, anayeikalia kuanzia alfajiri hadi usiku. Seli za sikio la ndani zikifa haziotwi tena. Kiziwi wa namna hii haji kwa siku moja. Huanza kwa mluzi masikioni wakati wa kulala, kisha kuomba maneno yarudiwe, kisha kuongeza sauti ya simu. Mama anayeyaona haya kwa mwanawe asiyachukulie kuwa ni utovu wa adabu.

Wa pili ni jirani. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na kuta zake ni nene. Mlio ukiingia hauna pa kutokea, hudunda ukuta hadi ukuta. Nyuma ya madirisha hayo yumo mzazi aliyejifungua jana, mzee mwenye shinikizo la damu aliyepata usingizi saa hiyo, mtoto anayejiandaa kwa mtihani, na mtu aliyesimama katika sala ya usiku. Dini yetu imempa jirani haki kubwa, na hatudhani haki hiyo husimama mlangoni ikashindwa kuvuka barabara.

Sheria nayo haikunyamaza. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka mpaka wa desibeli 35 katika makazi ya watu kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo inayozisimamia. Sheria za barabarani nazo zinataka chombo cha moto kiwe na sailensa inayofanya kazi. Kwa hiyo kijana anayeng'oa kizibo anajiwekea sababu ya kusimamishwa na polisi kila siku, na pesa za siku hiyo huishia huko badala ya kuja nyumbani.

Mguu wa abiria

Mwisho tunafika kwa lile linalowagusa zaidi wasomaji wetu wa kike na watoto. Ekzosi ya asili huwa na ngao ya bati upande wa nje, ili ngozi isiguse chuma chenye moto. Sailensa nyingi za kuvisha hazina. Chuma chenye joto la nyuzi 70 tu huunguza ngozi kwa muda wa sekunde moja hivi, na ekzosi iliyotoka safarini huwa na joto lililopita hapo kwa mbali. Wanaoungua zaidi ni wale wanaopanda na kushuka kwa haraka, na watoto ambao miguu yao haifiki kwenye kikanyagio ikawa inaning'inia.

Vazi pia lina sehemu yake. Mabuibui mengi siku hizi ni ya vitambaa vya nyuzi za kutengenezwa, ambavyo vikigusa moto huyeyuka na kuganda katika ngozi. Kabla ya kupanda, tukusanye ncha za buibui na kuzikalia, tutazame ekzosi iko upande gani, na tushukie upande wa pili. Katika pikipiki nyingi iko kulia, hivyo kushoto ndiko salama, na ndiko pia kuliko mbali na magari.

Ajali ikitokea, mguu uwekwe chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Nguo iliyo huru iondolewe, lakini iliyoganda isivutwe. Usipakwe dawa ya meno, samli, yai wala mafuta, na usiwekewe barafu. Kisha ufunikwe kwa karatasi safi ya plastiki ya jikoni au kitambaa safi. Aliyeungua akiwa ni mtoto, au ana kisukari, au jeraha limezidi kiganja chake, au limefika kwenye kiungo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na aulizwe lini alichanjwa pepopunda.

Maswali matano

Basi, mzazi au mke aliyeshika mfuko, hana haja ya kuwa fundi. Inamtosha kuuliza: Sailensa ya zamani ina kasoro gani? Je, bomba litakatwa? Je, mpya ina ngao ya joto? Je, kizibo chake kitabaki ndani? Na ile ya zamani itawekwa wapi?

Kijana mwenye haja ya kweli atayajibu yote bila kukasirika, na pengine atafurahi kwamba nyumbani kuna anayeielewa kazi yake. Akijibu vyema, apewe pesa kwa moyo mkunjufu, na aambatane na mtu mzima hadi kwa fundi. Akishindwa kulijibu lile la nne, mazungumzo yasifungwe kwa ugomvi. Apelekwe akakae kidogo barazani wakati mwenzake mwenye bomba wazi anapita, kisha aulizwe kama mlio ule angeuridhia chini ya dirisha la bibi yake saa 5 usiku.

Pikipiki ya biashara husifiwa kwa kuwaka kila asubuhi, kubeba watu salama na kurudi na chochote mfukoni. Haya yote yanawezekana kimya kimya.

Wabillahi tawfiq.